Mtambo Wetu Hauna Jembe

Jumamosi, Oktoba. Makambako. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno.

Naandika harakaharaka, niko intaneti kafe ya hapa stendi, kiti kinayumba na jamaa wa kompyuta ya pembeni anashangilia mchezo wake wa magari kama yuko uwanjani. Miguu yangu bado ina tope la Kichiwa. Nyumbani sijafika. Nikifika mama ataniuliza siku ilikuwaje.

Leo nimefanya ujinga. Tena ule ujinga wa mtu anayejiona anajua.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni binti wa muuza spea za malori. Baba alikuja Makambako kufuata barabara, akabaki. Nimekua katikati ya mafuta machafu na makelele ya Fuso. Redio ya kwanza kuifungua niliiua kabisa. Ya pili ikapona, na tangu hapo sijatulia. Nimejifundisha mwenyewe kila kitu, kuchaji simu za watu kwa betri ya gari, kutengeneza pasi, kuwasha taa kwa dinamo ya baiskeli. Darasa la kweli nimelipata mwaka huu tu, mafunzo ya umeme wa jua na wa maji, kwenye kituo cha misheni karibu na Njombe. Baba alicheka mpaka akakaa chini, binti wa Kiislamu anaenda kusomea umeme kwa mapadri! Halafu akaenda mnadani akaninunulia buti.

Yaani hayo mafunzo yamenibadilisha. Zamani nilikuwa nabahatisha, nagusa waya nione nani atapigwa. Sasa napima kwanza.

Mwezi wa nne sisi wanafunzi tulifunga mtambo mdogo wa maji upande wa Kichiwa. Juu kwenye kijito tukajenga banio la mawe, hapo maji yanaingia kwenye bomba, yanashuka mteremko kwa kasi, chini yanazungusha mtambo, waya unaenda mpaka darasa la kidato cha nne. Jioni ya kwanza taa zilipowaka kuna mzee alivua kofia. Watoto waliokuwa wanasomea koroboi na pua nyeusi wakawa wanasoma bila kukohoa. Vijana wawili wa kijiji tuliwafundisha kuulinda na kuupaka grisi. Nililala siku ile najiona mimi ndiye nimeumba maji.

Wiki mbili hizi taa zilianza kufifia jioni, sasa haziwaki kabisa. Mtihani wa kidato cha nne ndio huo uko mlangoni. Watu wakaanza kusema umeme wa wanafunzi ni wa kuchezea. Na kesho baada ya misa kijiji kinakutana kuamua kama mtambo ubaki au ung'olewe.

Uking'olewa, watoto wale wanarudi kwenye koroboi wiki ya mtihani. Nani atakubali tena wanafunzi wakamfungie mtambo?

Ndiyo maana leo alfajiri nilidandia lori la viazi, nikaenda mwenyewe. Sikumwambia mtu. Nikapanda na kijito mpaka juu ya banio, na pale nikakuta kitu kilichonichemsha damu. Mtu ameziba kijito! Udongo, nyasi, magogo ya migomba, kazi imefanywa kwa ustadi kabisa, maji yote yanakata kona kwenda bondeni.

Hujuma, nikasema. Sikuuliza mtu yeyote. Nikavua buti, nikaingia, nikabomoa kwa mikono. Maji yakaondoka kwa kishindo. Nikakimbia kushuka huku nacheka peke yangu, na nilipofika darasani taa ilikuwa inawaka mchana kweupe kama jua dogo. Wanafunzi waliokuwa wanajisomea wakapiga makofi. Nikainama kama mwanasiasa.

Makofi hayakudumu.

Akaja mama mmoja na jembe begani, tope mpaka magotini, nyuma yake wenzake watatu.

"Kamwene," akanisalimia.

Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Amekuja kugomba, anaanza na salamu.

"Kamwene, mama," nikajibu.

"Ni wewe umebomoa kule juu?"

"Ndiyo mama. Kuna mwizi alikuwa anaiba maji ya mtambo."

"Basi mwizi ndiye mimi. Leo ni zamu yangu."

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mkamate sasa, binti wa Makambako, pingu si unazo?"

Mama akaniuliza, "Hivi nyie mlikuja kupima maji mwezi gani?"

"Wa nne."

"Haa! Mwezi wa nne hata vyura wanalalamika maji yamezidi."

Akanichukua mpaka bondeni. Kumbe kule chini kote ni vinyungu, zile bustani wanazolima kiangazi kwenye udongo wa unyevu, mahindi ya kuchoma, maharage, mboga. Wakati milima yote imekauka, kule ni kijani mpaka macho yanauma. Mimi wa mjini nimekula mahindi hayo miaka yote pale stendi na sijawahi kujiuliza nani anayanywesha. Wenzangu wa mafunzo wanaotoka Mlangali na Matembwe wamelelewa na vinyungu, nadhani walijua. Ila kwenye kundi letu mwenye mdomo ni mimi.

Maji niliyoyaachia kwa mkupuo yalikuwa yamepanda ukingo, yakachukua matuta yake mawili ya maharage. Maharage yalikuwa yameshaanza kutoa maua.

Hakupiga kelele. Alichuchumaa, akawa anaokota miche kwenye tope, anaisuuza, anailaza kwenye nyasi mmojammoja. Nikachuchumaa naye. Tukaokota.

Ndipo akaja msichana mmoja mbio kutoka shuleni. Nikamjua, yule anayekaa dawati la mbele, chini ya taa kabisa. "Mama, yamekwenda yote?" akauliza. Anaitwa Edigna. Mwanafunzi wangu namba moja wa kupiga makofi ni binti wa mwizi wangu.

Mama Edigna akaninyooshea mche mmoja. "Huyu anakula haya kwanza, ndipo anasoma na taa yenu," akasema. "Kila mwenye kinyungu hapa ana siku yake ya maji. Na kila mwenye siku yake anakuja kuzibua mfereji, mvivu hapewi maji. Mtambo wenu mimi nauona unakunywa tu. Sijawahi kuuona na jembe."

Nilitamani ardhi inimeze, na ilikuwa laini kweli, ingeweza.

Kumbe hawakuwa wanatukomoa. Kijito kikipungua, kama wiki mbili hizi, zamu zinaanza. Mwenye zamu anaziba asubuhi, anafungua asubuhi inayofuata anapomwachia mwenzake. Ndivyo wanavyofanya tangu enzi za bibi zao. Hakuna aliyekaa nao kupanga jioni darasa lipate vipi maji hayohayo. Mwezi ule wa nne tulikutana na mwenyekiti, tukakutana na mwalimu mkuu, tukakunywa chai. Wenye maji walikuwa bondeni wameinama.

Nikamwambia, mama, tupeni na sisi zamu. Jioni tu, jua likizama, mpaka watoto waende kulala. Na mfereji tutakuja kuzibua kama wengine.

"Zamu si yangu kutoa, ni ya wote," akasema. "Semeni huko kesho."

"Na leo jioni je, mama?"

"Leo zamu yangu," akasema, akaenda kuziba upya. Sikujua ni ndiyo au hapana. Lori la viazi likawa linapiga honi, nikaondoka nimebeba buti mkononi.

Njiani nilimpigia mwalimu wetu wa mafunzo, nikamweleza yote, hata makofi. Akasema, "Kesho usiende peke yako. Tunakuja darasa zima."

Nawaza. Nimefundishwa kupima kina cha maji, kasi ya maji, urefu wa mteremko. Vyote vilikuwa sahihi! Na ni vitu vizuri, vijana wa vijijini wakivijua hawatangoja nguzo za umeme zije lini sijui. Lakini kabla ya kufunga mtambo mwingine popote, nitaenda kukaa bondeni siku nzima kiangazi, niulize maji haya ni ya nani leo.

Subiri, simu.

Ni mwalimu wa Kichiwa. Meseji yake yote hii hapa: "Taa inawaka. Mama Edigna kafungua maji mwenyewe. Wanasoma."

Nimepiga kelele, jamaa wa magari kagonga ukuta kwenye mchezo wake. Samahani kaka.

Sijui mkutano utaamua nini. Kina mama wengine hawana binti kidato cha nne. Najua tu nikipewa nafasi ya kusema nitaanza na matuta mawili, mtambo baadaye.

Napita kwa jirani sasa hivi kuazima jembe.