Mkasi wa Kanisani na Kadi ya Petroli

Mpendwa Shangazi Verdell,

Naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana Jumapili ikipita nitakuwa nimeshaumbuka, na nakusihi usilitaje jina langu gazetini kwa sababu mji wetu ni mdogo na watu wanazijua hata nguo zilizoko kwenye kamba yangu. Mimi ni mjane, Mbatisti tangu nijitambue, na marehemu mume wangu Thurman alikuwa mtu mwema sana lakini hakuweza kuipita boti inayouzwa bila kusimama kuulizia bei, na alipougua tukalipa hospitali kwa kadi ya mkopo, tukachukua kadi nyingine kuilipia ile ya kwanza, na alipofariki akaniachia boti isiyo na injini na alama za mkopo, zile za kuonyesha mtu analipaje madeni yake, zimelala chini kabisa, mpaka benki ikachukua nyumba na mimi nikahamia kwa mwanangu Dwight, kwenye chumba cha chini ya nyumba, ambako nalala pembeni ya mashine ya kufulia, na kila mkwe wangu Kaylene akifua mataulo kitanda changu kinatembea.

Ni kwa uchungu huo nikaanzisha darasa la Jumatano kanisani, darasa la kuachana na madeni, na Mungu akalibariki kweli. Mtu akiwa tayari anakuja mbele siku ya Jumapili, namkabidhi mkasi, ule mkubwa wenye mpini mwekundu, anakata kadi zake, halafu anapiga simu benki palepale kwenye maikrofoni kuwaambia wafunge akaunti, na mhudumu akishasema imefungwa kanisa zima linalipuka kwa makofi, kinanda kinaingia, na vipande vinatiwa kwenye chupa kubwa ya matango ya siki iliyo karibu na mimbari. Chupa imejaa, Shangazi. Wa kwanza kabisa alikuwa Kaka Wendell, fundi wa mabomba, alizikata zote huku analia, na mimi ndiye niliyemshika bega.

Sasa sikia balaa langu. Kuna nyumba ndogo ya manjano Mtaa wa Sycamore, ina varanda na mahali pa kupanda nyanya, naitamani mpaka naiota, na mwenyewe Bwana Ostrander ananijua tangu tukiwa shule, ila anasema siku hizi wapangaji wanashughulikiwa na binti yake, na binti anaangalia alama za mkopo, na aliye chini ya mia sita na ishirini hapewi funguo hata akiwa malaika Gabrieli. Nikaenda kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa kuuliza nifanyeje, na yule binti wa dirishani akaniambia bila haya, "Mama, dawa yake ni kadi." Nikamwambia ashindwe! Akacheka, akanieleza kuwa kuna kadi ya dhamana, unaweka dola mia tatu zako mwenyewe, wanakupa kadi yenye ukomo wa mia tatu hizohizo, unanunua kitu kidogo, unalipa chote kabla ya tarehe, na wao wanapeleka habari zako njema huko alama zinakohesabiwa. Nikaichukua. Naificha kwenye kasha la miwani, na sinunui nayo kitu ila petroli, naapa, na leo alama zangu zimefika mia sita na kumi na moja, mimi niliyekuwa siwezi kukopeshwa hata mwavuli wakati wa mvua, na Bwana Ostrander amekubali kuniwekea nyumba mpaka mwisho wa mwezi ujao.

Basi juzi niko kituo cha mafuta, nimeshaingiza kadi kwenye pampu, nageuka, nani yuko pampu ya pili? Dada Lavonne, mtunza hazina wa kanisa, ambaye alikata kadi zake mwaka jana kwa mkasi wangu.

"Dada, hiyo mkononi ni nini?"

"Hii? Kadi ya maktaba."

"Maktaba siku hizi wanauza petroli?"

Nikajifanya nafuta kioo cha gari. Akanisogelea akaniambia, "Mimi sina maneno mengi. Jumapili ni sikukuu ya darasa lako. Njoo nayo, ikate mbele ya watu, na upige simu kama ulivyotupigisha sisi. Usipoleta, nitasimama mimi." Kisha akaniambia nisisahau kufunga kifuniko cha tangi.

Kaylene ndiye pekee ninayemwamini na hilo, naye ana mpango, anasema nikate kadi ya pointi ya supamaketi, kwa mbali hakuna atakayetambua, kisha nimpigie yeye simu ajifanye benki, na kwa kweli ana sauti ya benki kabisa, tumeshafanya mazoezi. Lakini roho inanisuta. Nikiikata kadi na kufunga akaunti binti wa chama anasema alama zitashuka, nyumba ndiyo imekwenda, na mimi nitazeekea kwenye mataulo. Nisipoikata nitaonekana mnafiki, na Kaka Wendell nitamtazamaje usoni, maana tangu akate kadi zake hajapata nyumba ya kupanga, kila anapoomba wanafungua kompyuta wanamwambia kuna makosa ya zamani na hakuna jema lolote jipya, anaishi na binti zake wawili kwenye moteli ya barabara kuu akilipa kwa wiki, tumemwombea tangu Pasaka, na kila Ijumaa nampelekea bakuli la makaroni ya jibini nimelizungushia gazeti lako lisipoe, na hajawahi kulalamika hata siku moja. Nishauri, Shangazi, lakini nishauri taratibu.

Mimi,
Mwenye Mkasi

*

Shangazi Verdell anajibu:

Umeniomba nisilitaje jina lako, halafu ukatia saini "Mwenye Mkasi." Bibi wee! Kaunti hii ina makanisa mengi kuliko taa za barabarani, lakini kanisa lenye mkasi mwekundu na chupa ya matango ni moja tu. Majina yote nimeyabadilisha. Jina la kanisa nimelifuta. Mkasi nilijaribu kuufuta, nikaona barua itabaki na boti peke yake. Kwa hiyo jua kwamba unapoisoma hii Alhamisi, huyo niliyembatiza Lavonne naye anaisoma, na kahawa yake mkononi. Pole, mpenzi. Umeliandikia gazeti.

Tuanze na Kaylene ili tummalize. Mwambie sauti yake ya benki aitunze, ataihitaji siku ya kuomba kazi benki. Wewe mwanamke mzima, unataka kusimama mbele ya mimbari, ukate kadi ya pointi za mayai na sabuni, ukimpigia simu mkweo aliyejificha kwenye gari nje ya kanisa? Na mmeshafanya mazoezi! Nilipofika hapo nilicheka mpaka mhariri akaja kuuliza kama niko salama. Msifanye. Watoto wa shule ya Jumapili watawagundua kabla ya wimbo wa pili.

Sasa nikwambie ukweli mmoja ambao ulipaswa kuambiwa na mtu zamani. Kupoteza mume na nyumba kwa mkupuo ni msiba mkubwa, na hujafanya kosa lolote kutaka varanda. Kadi yako ya petroli si dhambi. Dhambi ilikuwa boti. Huyo binti wa dirishani amekupa ushauri safi, na wewe umeufuata kwa adabu kuliko watu wengi wenye digrii zao ukutani. Kwa hiyo usiikate, na usiifunge, hata ukishapata funguo za Bwana Ostrander. Endelea kutia petroli na kulipa chote kabla ya tarehe, na usiache matumizi yavuke theluthi ya ile mia tatu, na kama unaweza yabaki chini kabisa. Dukani wakikuambia uchukue kadi yao upunguziwe bei ya mashuka, sema asante, lipa mashuka, toka nje. Kila ombi jipya la kadi linakushushia alama, na wewe umebakiza tisa tu. Baada ya muda chama kitakurudishia dhamana yako na kukuachia kadi ya kawaida. Siku hiyo ndiyo utajijua kama umepona, maana boti zitaanza kukukonyeza na wewe.

Na Lavonne usimchukie. Alikata kadi zake kwa sababu ulimwambia, akakukuta pampuni unakula ulichomkataza. Mimi ningekumwagia hiyo petroli. Yeye alikukumbusha kufunga tangi.

Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilicheka kama nilivyokwambia. Mara ya pili nilipofika kwa Wendell nikaacha kucheka, na tangu hapo nimekasirika, kwa hiyo lile ombi lako la kushauriwa taratibu limeishia hapa. Mwenye Mkasi, umejisikiliza kweli? Wewe na Wendell mna ugonjwa mmoja. Wote wawili hamkupata nyumba kwa sababu ya alama. Wewe ulikwenda kuuliza, ukaambiwa dawa, ukainywa kimyakimya, unapona. Yeye ulimfungisha akaunti zake zote, akabaki na makosa yake ya zamani na hana jema jipya la kuandikiwa, na kila Ijumaa unasimama mlangoni pake moteli, kasha la miwani liko mkobani, unampa makaroni unaondoka. Umeomba dua tangu Pasaka. Hivi ulidhani majibu yakija yatapitia wapi?

Najua hukufanya kwa ubaya. Uliona haya. Uliogopa watu wakijua mwalimu ana kadi, darasa litakufa. Lakini hao watu hawakukufuata kwa ajili ya mkasi, walikufuata kwa sababu ulikuwa umeumia kama wao. Wapo ambao mkasi uliwaokoa kweli, yule anayenunua kila kitu anachokiona kwenye televisheni aendelee kuutumia. Wapo wengine wameshatoka shimoni, sasa wanahitaji ngazi. Darasa lako liwe la wote hao, na mchungaji akigoma mwambie aje kwangu, nimemfahamu tangu akiwa anaiba mapera.

Fanya hivi. Jumapili mkasi uache nyumbani. Simama kabla Lavonne hajasimama, litoe hilo kasha la miwani, useme kwenye maikrofoni, "Nina kadi moja, na nimewaficha." Sema tu hivyo, kisha waeleze unaitumiaje. Kutakuwa na minong'ono, na wawili watatu watanuna mpaka saladi ya viazi itakapotolewa. Jumatatu ofisi zikifunguliwa, nenda na Wendell kwa yule binti wa dirishani. Aanze kwa kuomba ripoti yake ya mikopo, haiuzwi, na aikague mstari kwa mstari, maana watu wengi hubeba humo madeni waliyokwisha kulipa, na yakipatikana anayapinga kwa maandishi. Kisha achukue kadi kama yako, anunulie gundi za mabomba na basi. Dhamana yake msimwachie abebe peke yake. Kanisa linalouza pai za pichi kukarabati kinanda linaweza kuuza pai kwa ajili ya binti wawili wanaofanyia kazi za shule juu ya kitanda cha moteli.

Haitakuwa haraka. Wewe mwenyewe unajua ilivyochukua muda. Ila angekuwa ameanza na wewe, leo angekuwa anakaribia mlango, na hilo hulipati tena, kwa hiyo usipoteze hata wiki moja zaidi.

Na kesho ni Ijumaa. Pika makaroni yako kama kawaida, lakini bakuli ulizungushie taulo, la Kaylene ukipenda, usilizungushie gazeti hili. Ingia ndani, kaa kitako, umwambie Wendell kwa mdomo wako kabla hajayasoma kwangu.