Vitambaa Nilivyovitundika Kwenye Bani la Tumbaku

Mpendwa Bi Mwanaiddi,

Naomba msaada, na naomba ubadilishe majina, maana hapa Katumba gazeti moja husomwa na kijiji kizima. Mimi ni mke wa mkulima wa tumbaku, nina miaka thelathini na moja, na jambo linaloniua ni la aibu hata kuliandika, kwa sababu nilipoolewa mama mkwe wangu, tunayemwita mabukwe, alinionya kwamba vitambaa vya hedhi visionwe na mwanaume wala jua, na nyumba yetu ni chumba kimoja na uwanja hauna ua, basi nikawa navifua na kuvificha chini ya godoro vikiwa vibichi mpaka vikaota ukungu, halafu misimu mitatu iliyopita nikaona kwamba ndani ya bani, tunamokaushia tumbaku kwa moto, mna joto na hakuna anayechungulia nyuma ya fito, nikawa navitundika humo katikati ya majani, vinakauka kwa siku moja, nikafurahi kama mjinga.

Sasa nawashwa, nina vidonda, natokwa na uchafu unaonuka, tumbo la chini linauma hadi natembea nimeinama, kila asubuhi najisafisha ndani kwa sabuni ya mche na chumvi na harufu inazidi, na mimba mbili zimetoka. Mume wangu Cyriaque amehamia kwa mama yake, anasema nimetembea nje nikaleta gonjwa. Tena mwaka huu tumbaku yetu ilitoka na madoa ikapangwa daraja la mwisho, na mabukwe akasema mbele ya watu, "Kuna mwanamke ameingia bani akiwa kwenye siku zake. Nyie mnamficha, Mungu anamwona." Bi Mwanaiddi, ni mimi. Nimeharibu jasho la mume wangu na tumbo langu limelaaniwa. Binti yangu Monika amevunja ungo mwezi uliopita, nami nikamwonyesha palepale pa kutundika kwa sababu sikuwa na pengine. Je, niungame mbele yao, au ninyamaze nife nalo? Sioni mlango.

Mama M.
Katumba, Mpanda, Juni 1996

Mama M.,

Kila nikianza kukujibu hasira inanishika, na sijui nimkasirikie nani kwanza. Nitaanza na wewe. Umezeekea kwenye tumbaku. Siku ya kuchuma majani mabichi mikono yenu huganda gundi nyeusi, watu wanatapika na kichwa kinazunguka, na hapo mmeyashika tu. Kisha ukachukua kitambaa kilichodondokewa na utomvu huohuo ukakiweka mahali palipo laini kuliko kiganja. Ulifikiri nini, mama? Najua. Ulifikiri mtu asione.

Sikia basi. Damu yako haikutia doa kwenye jani lolote. Hukuiharibu tumbaku, tumbaku ndiyo iliyokuharibu wewe, pamoja na ule ukungu wa chini ya godoro. Usiungame kosa ambalo hukulitenda. Sabuni na chumvi acha leo hii, ndani hapaoshwi, panajisafisha penyewe, kwa nje maji safi yanatosha. Uchafu unaonuka na maumivu ya tumbo ni ugonjwa unaotaka dawa za hospitali, si mizizi. Panda gari la kwanza linalokwenda Mpanda, omba daktari mwanamke, na kama hayupo vua aibu umwone mwanaume, maana aibu ikikuua haitakulelea mtoto. Cyriaque naye apimwe. Akikataa, nenda peke yako.

Kuhusu zile mimba mbili, na kama utashika nyingine, sitakudanganya. Sijui. Huenda umechelewa. Ningependa kukuandikia neno tamu hapa, na sina.

Lakini Monika ana mwezi mmoja tu tangu aanze kuvitumia vitambaa hivyo. Kabla hujatafuta gari, ingia humo bani, toa vitambaa vyake, vichome. Chana kanga yako iliyolainika, mpe vipya, avifue kwa sabuni, avisuuze, avianike juani peupe. Mabukwe akiuliza ni vya nani, sema ni vyako. Umebeba lawama nyingi za bure, mama. Beba na hii moja, hii ina faida.

Bi Mwanaiddi