Chupa za Ongeri, Chungu cha Bochaberi

Jumatatu, 3 Julai 1967

Wamemkamata Bochaberi. Tena!

Askari wawili wa chifu, asubuhi, watoto wakiwa bado wanakunywa uji. Wamechukua chungu kikubwa kimejaa amarwa, pombe yetu ya wimbi, hadi shingoni, wamechukua mirija ya kunywea, wamechukua hata mwiko. Machicha ya wimbi wameyamwaga uani. Kuku wameyala na sasa wanatembea kama maofisa wanaotoka klabu. Kuku hawakushtakiwa.

Nilipaswa kufurahi. Mimi ni sekretari wa Chama cha Kiasi cha kanisa letu, mwaka wa ishirini huu. Nilitia sahihi kadi nyeupe nikiwa na miaka kumi na miwili: sitaonja kileo maishani. Sijaonja. Nimeandika barua magazetini mpaka wahariri wanaujua mwandiko wangu bila kuangalia jina. Na Bochaberi mwenyewe nimemwambia mara ngapi! Hujibu vilevile: "Wifi, karo ya shule hailipwi kwa kadi nyeupe."

Lakini ni mjane wa kaka yangu. Hii ni mara ya tatu. Mara ya pili Hakimu Ogari alimwambia wazi kwamba akirudi ni miezi sita jela, bila faini. Watoto wanne.

Nimemdhamini. Kesi ni Ijumaa wiki ijayo.

Jumanne, 4 Julai 1967

Nimejua aliyemchongea. Ongeri! Ana baa mpya hapa Keumbu, rangi ya kijani, haijapata leseni. Upande wa pili wa barabara ni nyumba ya Bochaberi, na wazee wote hukaa kwa Bochaberi. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeifanya.

Nimekutana naye sokoni. Hakukana. Alisema anasaidia serikali kuondoa uchafu. Nikamwuliza baa yake itauza maziwa?

"Mwalimu Drusilla," akasema, "pombe ni ile ya wifi yako. Mimi nina divai. Divai imetajwa katika Biblia."

"Punda pia ametajwa. Sijaona ukimkaribisha mezani."

Watu walicheka. Akacheka pia, ndiyo shida yake, huwezi kumkasirisha. Kisha akanialika! Alinunua vitu vya mzungu mmoja wa mashamba ya chai upande wa Sotik aliyerudi kwao, na katika vitu hivyo kuna chupa kumi na mbili za divai ya Ufaransa. Za zamani. Moja ni ya mwaka 1920. Jumapili mchana atazifungua mbele ya watu wakubwa, na Hakimu Ogari atakuwepo. Nami nitapewa soda.

Anataka nikaone ustaarabu ili niache kuandika. 1920! Nimezaliwa mwaka huo. Mimi sikuwekwa kabatini.

Alhamisi, 6 Julai 1967

Nimeandika makala. Kichwa: "Pombe ni Pombe." Kama amarwa ni kosa, divai ni kosa. Kama divai ni ustaarabu, basi Bochaberi ni profesa.

Nzuri. Nimeisoma kwa sauti mara tatu. Nitakwenda Jumapili na nitaisoma pale pale, mbele ya hakimu, wakiwa na glasi mkononi.

Jumapili, 9 Julai 1967

Lazima niandike yote na kwa mpangilio, maana kesho nitaanza kujidanganya.

Nilifika nyumbani kwa Ongeri saa nane. Kelele jikoni. Ongeri alikuwa ameshika kichwa. Mkewe, Persis, alikuwa amezikuta chupa zina vumbi, utando wa buibui, na makaratasi yanayobanduka. Wageni wanakuja! Akazisugua kwa majivu na steelwool, zote kumi na mbili, zikang'aa kama glasi za hospitali. Lebo hakuna hata moja. Ile ya 1920 ni ipi? Hakuna ajuaye.

"Ulitaka niwape watu chupa chafu?" Persis akamwuliza. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane nilikuwa upande wake kabisa. Persis ni shemasi wetu, ndiye anayechemsha zabibu kavu kupata maji ya Meza ya Bwana. Ukimpa kitu cha kusafisha, kitasafika.

Tukakaa. Hakimu Ogari kushoto kwangu, suti ya kijivu. Wakubwa wengine sita. Baba yake Ongeri pembeni, mzee wa miaka themanini, amekuja na mrija wake umefungwa kitambaani. Ongeri alikuwa na kijitabu cha yule mzungu chenye maagizo: tazama, zungusha, nusa, onja, tema. Kwa ajili ya kutema kukawekwa karai katikati ya meza. Mgeni wa kwanza akanawa mikono ndani yake. Wa pili akamfuata. Ongeri alipoeleza kwamba ni la kutemea, hakimu alishtuka.

"Niteme kinywaji cha mwenyeji wangu mbele yake? Nimemkosea nini?"

Karai likaondolewa. Ustaarabu ukapungua kipengele kimoja.

Wakamimina. Hakuna aliyegusa. Nilishangaa, kisha nikaelewa. Hapa kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza, wewe ukimwona. Bochaberi hufanya hivyo kila siku: anavuta mrija, anameza, ndipo wazee wanasogeza viti. Sasa watu hawa wanatazama chupa zisizo na jina, zilizotoka katika stoo ya mzungu, na kila mmoja anajua stoo ya mzungu ina dawa ya kuogeshea ng'ombe. Wakamtazama Ongeri. Ongeri akamtazama mkewe. Persis akasema yeye ni Msabato.

Nikaona nafasi yangu. Nikasimama, nikatoa makala, nikasoma. Nilisoma vizuri! Nilipofika kwa profesa, hakimu akainua mkono kama yuko kazini.

"Mwalimu, unasema hii na ile ni kitu kimoja. Ile ya wifi yako umewahi kuionja?"

"Hapana."

"Na hii?"

"Hapana!"

"Basi ushahidi wako ni wa kusikia. Mahakamani kwangu haupokelewi." Akawageukia wenzake. "Miaka ishirini anahukumu asichokijua. Mimi angalau husikiliza upande wa pili."

Wakacheka. Na walicheka kwa haki, hilo ndilo lililoniuma. Nimesoma vitabu vya kabati zima, nimewashinda wachungaji na wakaguzi wa shule, na mtu huyu amenikamata kwa sentensi moja.

Nikachukua glasi yake. Nikanywa.

Nitasema kweli, hapa hakuna msomaji. Kwanza ulimi ulikauka kama nimetafuna ganda la ndizi mbichi. Nikafikiri, ndiyo hii? Halafu kitu kikafunguka. Mapera yaliyoiva zaidi ya siku yake. Udongo baada ya mvua. Majani ya chai yanaponyauka kiwandani. Sanduku la nguo za mama, siku tulipolifungua baada ya mazishi. Nilikuwa nimeshameza, na bado kiliendelea kuja. Kwa miaka ishirini nimeandika kwamba kileo hunuka kama zizi. Nilitaka kuchukia. Nilijitahidi. Sikuchukia!

Nilipofumbua macho wote walikuwa wananitazama. Hakimu alitazama saa yake. Mtu mmoja akaniuliza kwa upole kama tumbo liko sawa. Ndipo nikaelewa. Hawakunisikiliza, walikuwa wanangoja kuona kama nitaanguka!

Robo saa nzima. Kisha Ongeri akapiga makofi: "Yuko hai! Karibuni, karibuni!" Wakazivamia chupa.

Kwa hiyo nimefanya kazi ya Bochaberi. Nimewaonjea.

Hakimu aliitambua ile ya 1920 katika chupa ya pili. Akaitambua tena katika ya tano. Alipofika ya tisa akafumba macho kabisa. Hii, akasema, hii ndiyo yenyewe, ina utulivu, ina umri, haipigi kelele. Persis akanisogelea, uso umemsawajika. Hiyo ya tisa ni maji yake ya zabibu ya Meza ya Bwana. Aliyachemsha Jumatano. Yalikaa kabati moja na zile chupa, na chupa yake akaisugua pamoja nazo.

Baba yake Ongeri ndiye pekee aliyefurahi bila kusema uongo. Alijaza kikombe, akaongeza maji ya moto kutoka chupa ya chai, akatumbukiza mrija. Akaniambia kwa Ekegusii kwamba si mbaya, ila imelala mno. Je, aliyeitengeneza alikosa wageni?

Nimerudi kwa miguu. Sijalewa. Ningependa kuandika kwamba nililewa.

Jumanne, 11 Julai 1967

Ongeri amekuja shuleni, ofisini kwangu, kofia mkononi. Mtamu kama miwa. Amesema hakimu amenipenda. Amesema Jumapili tulikuwa marafiki, na mambo ya marafiki hayatoki nje. Mwalimu mkuu wa shule ya kanisa akionja divai, nani ana haja ya kujua? Vilevile Ijumaa, mahakamani, nani ana haja ya kusikia makala?

"Hivyo ni vitisho, Ongeri."

"Ni undugu, Mwalimu."

Nimemfukuza. Kisha nimekaa dakika nyingi nikitazama ile kadi nyeupe ukutani. Wino wake umefifia. Na nimekumbuka yale mapera.

Alhamisi, 13 Julai 1967

Undugu haukudumu siku mbili. Mchungaji Machogu anajua. Amekuja na Persis, wakaketi, hawakutaka chai.

Nimemjua Machogu tangu akiwa mwanafunzi wangu asiyeweza kuhesabu kwa saba. Leo amesema kwa sauti ya mimbarini kwamba komiti itanifuta kanisani, na shule ni ya kanisa. Akamtazama Persis.

Persis akasema polepole, akitazama mikono yake: chupa zilichanganyika. Moja ilikuwa ya Meza ya Bwana. Nani anajua Mwalimu alikunywa ipi?

"Sema ilikuwa maji ya zabibu," Mchungaji akasema. "Tutasali, yataisha. Lakini useme hivyo kila mahali, Mwalimu. Huwezi kusema maji ya zabibu Sabato kanisani na divai Ijumaa mahakamani."

Mlango uko wazi kabisa. Ananipenda, Persis. Nilitaka kumkumbatia na kumpiga.

Nimekunywa maji yake ya zabibu miaka ishirini. Nayajua kama jina langu. Nilichokunywa kilitoka chupa ya kwanza.

Baadaye nimepita kwa Bochaberi. Anafua sare zote za watoto kwa siku moja. Kama mtu anayefunga safari.

Ijumaa, 14 Julai 1967

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha mahakama. Hakimu ametoka ghafla. Tumeambiwa tungoje.

Haraka, kabla hawajatuita.

Bochaberi alisimama kizimbani na kitambaa kipya. Chungu chake mbele, kina kipande cha karatasi: kielelezo. Hati ya mashtaka ilisema "kinywaji kichafu na cha hatari kwa uhai." Hakimu akauliza kama ana shahidi. Nikasimama. Nyuma yangu, Mchungaji Machogu na wazee wawili wa komiti. Ongeri karibu na dirisha.

Niliapa, mkono juu ya Biblia.

"Mwalimu," hakimu akasema, "sekretari wa Kiasi amekuja kumtetea mpika pombe?"

"Nimekuja kusema ninachokijua, mheshimiwa. Nimeonja kileo kimoja tu maishani. Divai, nyumbani kwa Bwana Ongeri, Jumapili, nikitumia glasi yako. Ilikuwa divai. Haikuwa maji ya zabibu."

Nilisikia benchi la nyuma likilia. Karani akainua kalamu, akauliza, bila ubaya wowote, kama aandike "glasi yako" au "glasi fulani." Hakimu akamwambia asiandike chochote kwanza.

"Hiyo bado ni nusu ya ushahidi," nikasema. "Mahakama hii haipokei ya kusikia. Naomba kuonja kielelezo."

Kelele! Mwendesha mashtaka akapinga: ni cha hatari kwa uhai. Nikajibu kwamba mheshimiwa amekwisha kuniona nikiwaonjea watu kitu wasichokijua, na alikuwa na subira ya robo saa. Kabla hawajaamua nilikuwa nimechukua kikombe cha karani na kukizamisha.

Mkono ukaingia hadi kwenye kiwiko.

Nikachungulia. Chungu kilichukuliwa kimejaa hadi shingoni, nilikiona kwa macho yangu. Siku kumi na moja kimekaa humu ndani kwenye stoo iliyofungwa. Kimebaki chini ya nusu!

"Mheshimiwa," nikasema, "kielelezo kimepungua. Kuna watu wamenitangulia kuonja. Naomba waitwe, kama wako hai."

Chumba kizima kilianguka kwa kicheko. Askari wa mlangoni alitazama dari kama anahesabu mabati. Ongeri peke yake hakucheka, mara ya kwanza maishani. Mimi nikanywa. Kali! Chachu, vuguvugu, ina chengachenga za wimbi, nikakunja uso mbele ya wote. Bochaberi akapiga kelele kutoka kizimbani: "Siku ile ilikuwa nzuri, wifi! Imekaa mno! Waambie imekaa mno!"

Hapo ndipo hakimu aliposimama na kutoka, hata joho limemnasa mlangoni.

Sasa tuko hapa. Mchungaji Machogu alikuwa amekaa karibu nami. Amesogea. Amesogea tena. Kati yetu pangeweza kukaa familia. Persis amekuja, amesimama mbele yangu, amenipa leso nifute midomo.

Karani amepita mara mbili akikimbia na faili moja.

Bochaberi ameketi kulia kwangu, askari kando yake. Haulizi kuhusu miezi sita. Ameinama sikioni, macho yake mekundu, na ameniuliza, kama mpishi anavyouliza: "Wifi, ile ya Ongeri na hii yangu. Ipi tamu?"

Bado anangoja jibu. Karani amefungua mlango. Na kiapo nilichoapa juu ya ile Biblia, hakuna aliyeniambia kwamba kimeisha.