Gari Letu la Kilimani

Mjukuu wangu Aline,

Sisi hapa Jeppestown tu wazima. Mama yako amehamishia meza yake ya nguo karibu na stendi ya teksi, na mdogo wako siku hizi nikimwita ananijibu kwa Kizulu, tunaishia kucheka. Wewe huko Cape Town vaa vizuri, baridi hiyo haina adabu.

Umeniuliza kwa nini gari la zimamoto likipita hapa kwenye roboti, hizi taa za barabarani, mimi husimama na kuvua kofia. Eish, babu yako naye alikuwa mzimamoto! Katika mji wetu mdogo kule Burundi tulijitolea vijana wachache, mafundi cherehani na vinyozi. Kituo chetu kilikuwa kibanda cha mabati juu ya kilima, kwa sababu gari letu, jekundu na zuri ajabu, lilikuwa haliwaki mpaka literemke.

Siku moja duka la mikate la Mama Zaituni lilishika moto. Nyumba zote za jirani tuliziokoa, lake likateketea. Tulipomaliza, gari likatuzimikia bondeni. Tulikuwa hoi, tukakubaliana tuliache hadi kesho.

Mama Zaituni, majivu usoni, akaja akaweka mikono nyuma ya gari.

"Sukumeni, wanangu. Likilala hapa, litamfikiaje mwenzangu?"

Mji mzima ukasukuma. Mimi nilisukuma bega kwa bega naye mpaka kibandani, na sijawahi kujivunia watu wangu kama siku ile.

Basi king'ora kikilia, Aline, namvulia kofia yeye.

Babu yako