Mafuta ya Babu Maabarani

Njia ya Gremda,
Sfax.
12 Desemba

Mpendwa Mjomba Lotfi,

Mgongo wako unaendeleaje na baridi ya Lyon? Sisi hatujambo. Mama ana kikohozi, ila hakimzuii kugombana na majirani. Soma mpaka mwisho, maana nimetumwa na Babu.

Mwaka wa kwanza chuoni tulikuwa arobaini maabarani. Msaidizi anapima, sisi tunachungulia juu ya mabega ya wenzetu, kisha tunanakili namba zake. Mwaka wa pili Bi Sondos, mwalimu wetu wa kemia, akatugawa wanne wanne. Kila mtu ashike chombo mwenyewe, na kila kundi lilete kitu cha nyumbani cha kupima. Nikabeba mafuta ya zeituni ya Babu, tena kwa majivuno.

Kazi yenyewe si ngumu. Unachanganya mafuta na spiriti, unatia dawa ya rangi, halafu unadondosha besi, dawa ya kuua asidi, tone kwa tone mpaka rangi ya waridi ibaki. Matone yakiwa mengi, asidi ni nyingi. Mafuta mazuri kabisa hayazidi asilimia 0.8. Yetu yalifika 3.4. Nikarudia, yale yale. Akajaribu Wajdi wa kundi letu, akapata 3.5.

"Mwambie babu yako ayawashie taa," akasema.

Mjomba, masikio yaliniwaka kwa aibu. Nikaandika 0.7, maana tulishazoea kuandika namba inayotakiwa. Bi Sondos akatazama daftari, akatazama chombo, wala hakunigombeza. Aliuliza tu zeituni zilikaa siku ngapi kabla ya kukamuliwa. Nikamjibu kumi na mbili, kwenye magunia, kama kawaida yetu. Kisha nikaifuta ile 0.7.

Unamjua Babu: kwake zeituni zikilala kwenye magunia hutoa mafuta mengi. Kumbe zinachacha humo. Nilikaa miezi nimenyamaza. Niliogopa kumvunja moyo, na niliogopa kwa ajili yako pia, wewe unayewagawia majirani wa huko na kuwaapia kwamba hakuna mafuta kama ya baba yako.

Msimu ulipoanza nikamwambia. Alininunia siku tatu, ila gunia moja alilikamua siku ya pili tu baada ya kuchuma. Kisha akataka kuona kwa macho yake. Bi Sondos akamvalisha koti jeupe, akamkalisha mezani petu. Babu alidondosha mwenyewe, Wajdi akisoma namba. Mafuta ya mwaka jana, 3.4. Mapya, 0.5. Kisha akaniuliza:

"Lotfi amewapa watu wangapi yale?"

Makopo mawili unayopokea pamoja na barua hii ni ya msimu huu. Babu anakuomba uwarudie wale majirani mlango kwa mlango, uwape haya, uwaambie yale ya kwanza yalikuwa kosa lake. Alisimama nyuma yangu mpaka nikaandika "kosa lake".

Nisalimie mkeo Dalila na mwanenu Yassine. Mungu akupe afya na akurudishe kwetu salama.

Mpwa wako akupendaye,
Rihab