Kunde Zilizonywea Kikaangoni

Matinyani, Juni 1976

Mwanangu Kivuva,

Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu uliponiomba nimruhusu mkeo Mutindi aje kuishi nawe huko Kambu. Sikukasirika. Tangu mama yako afariki, Mutindi ndiye anayenipikia, nami sikujua hata kuwasha jiko.

Jana nilijaribu. Kwa heshima ya mkwe, Mutindi alisimama nje ya mlango akinielekeza. Nilikaanga nyama ya mbuzi, nikashangaa kuona ikitoa maji yenyewe, kisha maji hayo yakakauka. Nikajaza kikaango majani ya kunde, nikafunika. Nilipofunua, yamebaki kiasi cha kiganja!

"Mutindi, nani amechukua mboga zangu?"

"Ziko hapo hapo, Baba. Kunde hunywea. Ama unafikiri nimeziiba kupitia dirishani?"

Alicheka hata jirani akaja kuchungulia. Nami nilicheka.

Chumvi ilizidi, lakini nilimaliza chakula chote. Kesho Mutindi atashinda kanisani, nami nitapika bila mwelekezi. Kupika nitaweza. Nataka kujua kama nitaweza kula katika nyumba isiyo na mtu.

Nikishaamua, nitakuandikia siku ya kumpokea.

Ni mimi baba yako,
Jonah Nzioka