Sasa Nasali kwa Mdomo Wangu

Nkome,
Jumatatu, 17 Novemba.
Asubuhi: mawingu mazito upande wa ziwa, upepo wa baridi. Mvua imetishia, kisha ikaondoka. Dagaa wamekauka vizuri.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa goti, ingawa goti lenyewe liko huku kwenye mchanga wa mwalo, mitumbwi inapoegeshwa. Kifua kinasemaje siku hizi? Mvua ya kupandia imefika Ushetu, au bado mnayaangalia mawingu tu? Na yule ng'ombe wa mabaka, amezaa salama? Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nalala, na mikono inanuka dagaa hata niinawe kwa sabuni ya unga.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kila nikipiga, ukisikia sauti yangu tu unampa Mama. Barua huwezi kumpa kabla hujaisoma. Halafu habari niliyonayo ni kubwa, na kwenye simu ningeiropoka yote kwa pumzi moja.

Baba, Alhamisi nilisali! Mbele ya watu, kwa sauti, kwa maneno yangu mwenyewe.

Utasema, si uliniambia tangu Julai kwamba umeanza mafundisho ya ubatizo? Kweli. Lakini kwenda kanisani ni jambo moja na kusali ni lingine, hilo nimelijua huku. Sala ya Bwana niliikariri upesi, kama nilivyokuwa nikikariri kanuni za fizikia kidato cha nne. Nyimbo pia nimezishika. Ila mwinjilisti wetu, Mzee Daudi, mtu wa Kigoma aliyekuja huku zamani kuchimba dhahabu, ana sharti lake: anayetaka kubatizwa Krismasi asali kwanza kwa maneno yake kwenye jumuiya, ule mkutano wa sala wa majirani. Asiyeweza anasubiri mwaka mwingine.

Hapo ndipo nilipokwama. Nyumbani kwetu sijawahi kusema na aliye juu. Ulisema wewe. Ulikuwa ukitoka nje jua likichomoza, ukipuliza maji kwa kinywa kuelekea mashariki, ukiwataja wazee waliotangulia, kisha ukitutaja sisi watoto mmoja mmoja. Kazi yetu ilikuwa kunyamaza. Nikaona nikifungua mdomo nitakuwa nimekalia kiti chako nawe ungali hai.

Mara ya kwanza nikafanya ninavyojua: nikaandika. Unanifahamu, jambo lisiloandikwa kwangu huwa halijatulia. Nikasimama na karatasi yangu nikasoma, "Mungu Mwenyezi, husika na somo tajwa hapo juu..." Mama Kulwa akashindwa kujizuia. Huyu ndiye mwenye dagaa ninaowaanika na ndiye mwenye nyumba ninayoishi, na mdomo wake hauna mlango.

"Kabula, unasali au unaomba kazi?"

Naye Bahati, fundi wa injini za mitumbwi, akadakia, "Vivuli vya vyeti umeambatanisha?"

Walicheka mpaka sala ikaishia hapo. Mimi pia nilicheka, lakini usoni tu.

Alhamisi jumuiya ikawa tena uani kwa Mama Kulwa, karibu na vichanja vya kuanikia dagaa, alasiri. Mzee Daudi akaniita. Safari hii sikushika karatasi. Nikapiga magoti, nikainamisha kichwa, nikasema kama tunavyokuamkia wewe ukirudi shambani: "Mwadila, Baba." Kisha nikanyamaza.

Nikaendelea kunyamaza. Nikasikia watu wanajigeuzageuza kwenye mikeka. Bahati akanong'ona, "Mtandao umekata."

"Kabula," Mama Kulwa akasema, "umelala?"

"Nasubiri aitikie," nikajibu. "Kwetu mtu mzima akiwa hajaitikia salamu, huendelei na maneno."

Baba, kicheko kilichotoka pale kiliwashtua kuku! Bahati alijifuta machozi. "Na asipoitikia mpaka jua lizame? Mimi nina injini nimeifungua kule."

Mzee Daudi hakucheka. Aliniuliza, "Nani alikufundisha hivyo?" Nikasema, baba yangu. Akakuna kidevu. "Mimi nimesali miaka mingi, na sikumbuki kama nimewahi kumsalimu nikangoja. Huwa naingia na shida zangu moja kwa moja kama mtu anayedai. Haya, tungoje wote. Bahati, injini yako haina miguu."

Tukangoja. Nilisikia maji yakipiga mitumbwi, na mbuzi wa jirani. Siwezi kukudanganya kwamba nilisikia sauti nyingine, sikusikia. Ila kile hakikuwa kimya cha mtu aliyekasirika. Unajua vile wewe unavyonyamaza ukiwa unachonga mpini, mtu anaongea nawe na anajua unasikia? Kilikuwa kimya cha namna hiyo. Na nilipokitambua tu, maneno yakaja, tena kwa Kisukuma. Nikamshukuru kwa jua la kuanikia. Nikamwombea Mama Kulwa goti linalomsumbua. Nikamwambia ninavyowakumbuka nyumbani.

Nikafika kwako, nikakwama tena. Nitakutajaje? Jina la baba halitoki kinywani mwa mtoto. Basi nikasema, "Namwombea yule mzee wa Ushetu mwenye ng'ombe wa mabaka, anayekohoa msimu wa tumbaku kwa sababu ya moshi wa bani la kuikaushia, na hataki kwenda hospitali."

Mama Kulwa ni Msukuma, alinielewa. Tulipomaliza akaniambia, "Kwa maelekezo hayo, Mungu hata akiuliza njiani atafika." Kisha akanikumbatia kwa nguvu. Mzee Daudi akasema niko tayari, nitabatizwa Krismasi, asubuhi, humu ziwani. Nilirudi kwenye vichanja vyangu nikiruka kama ndama. Tangu siku hiyo nasali kila asubuhi kabla ya kuanika, nasalimu kwanza, nangoja, halafu naongea. Na Bahati sasa naye anasalimu na kungoja. Namwona akichungulia kwa jicho moja, lakini anangoja.

Sasa Baba, nivumilie kwa hili la mwisho.

Kaka Masanja aliniambia. Usimgombeze, nilimbana mimi. Alisema tangu Julai, ukitoka nje asubuhi na kufika kwenye majina yetu, unamtaja yeye, kisha unaniruka mpaka kwa mdogo wetu Holo. Nililia siku ile. Mzee Daudi anasema mimi ni mtu mzima, naweza kubatizwa bila kumuuliza mtu, na ni kweli, nitabatizwa. Lakini sikuondoka kwako ili nikae kwa mwingine. Huyu ninayesema naye, nimejua kuongea naye kwa heshima uliyonifundisha wewe.

Sikuombi uingie kanisani. Ukipenda kuja Nkome, Mama Kulwa ameshasema kitanda kipo. Usipoweza, naomba hili tu: asubuhi ya Krismasi, ukitoka nje na maji yako, nitaje. Baada ya Masanja, kabla ya Holo, mahali pangu palepale.

Mwambie Mama dagaa wake nimewafungasha, wale wadogo wasio na mchanga. Kaka yangu Masanja nampa pole ya kuandaa mashamba peke yake. Mdogo wangu Holo asiache hesabu, hata kama mwalimu ni mkali. Na shangazi, dada yako mkubwa, mwambie bado navaa ile kanga aliyonifunga nikiondoka.

Ni mimi binti yako wa katikati,
Kabula.

Jumanne asubuhi. Naongeza mstari huu kwa mazoea ya shajara yangu. Jana, baada ya kumaliza kuandika, nilijaribu kulitamka jina lako kwa sauti katika sala, niko peke yangu. Nilishindwa, nikabaki nikicheka gizani. Nililala saa sita na nusu usiku.